Vitundu vya Kwa Wageni

Mwamvua mwanangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Uko upande wa pili wa ukuta huu, nasikia unavyofungua sanduku na kulifunga, unatoa kitu kisha unakirudisha kile kile. Na yangu unaijua: magoti yananiuma kwa baridi hii ya Julai, na tangu magharibi nimekuwa mkali kwa kila mtu bila sababu. Baba yako amekwenda kukaa barazani kwa jirani mpaka nipoe.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala nguo za ndani, wala wavulana wa chuo. Hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka nikakuhurumia. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu ulipokuwa mtoto wa kung'oka meno, na kila nilipotaka kulitoa kulikuwa na kazi: mara kuni, mara mgeni, mara mtihani wako. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Arusha kusomea ujenzi, nami nimeishiwa visingizio.

Ni habari ya asubuhi ile pale Kwa Wageni, na yale maneno uliyoniambia mlangoni. Ulisema, nami sikukujibu. Leo nataka kukujibu, lakini nikianzia pale hutanielewa. Inabidi nianzie kwenye saruji.

Wewe ulizaliwa wakati sabuni inapangiwa foleni, lakini hukumbuki. Hukumbuki jinsi mtu alivyoomba kibali cha mfuko mmoja wa saruji, akarudishwa, akaomba tena, na alipoupata akalala nao chumbani asije akaibiwa. Sisi wa Mpwapwa tulikuwa na nyumba za udongo si kwa kupenda udongo, ila kwa kukosa kingine. Tuliwaona watumishi wa Serikali kwenye nyumba zao za bati na lipu, tukajiambia, iko siku. Basi ile siku ikaja. Maduka yakaanza kujaa tena, wafanyabiashara wakaruhusiwa, malori yakawa yanaingia na mabati yanayong'aa mpaka unafumba macho. Saruji ikawa inauzwa dukani, mchana kweupe, bila kumsujudia mtu. Nakwambia ukweli, sisi tuliolelewa na foleni hatukuwa tukinunua saruji. Tulikuwa tunalipiza kisasi.

Na cha kwanza tulichokitazama ni Kwa Wageni. Wewe umeikuta nyumba ile na jina lake, hukuuliza. Waliijenga babu zetu, wale waliofika hapa na misafara, wengine kutoka pwani na wengine kutoka Manyema, wakachoka kutembea wakabaki. Kwa kuwa wao wenyewe walifika hawana ndugu, walijenga nyumba ya asiye na ndugu. Msafiri alilala bure. Aliyemleta mgonjwa hospitali alilala bure. Matanga ya mtu mwenye chumba kimoja yalikaa pale, na mchana watoto walisoma madrasa. Waliijenga kama Wagogo wanavyojenga tembe: ukuta mnene, boriti juu, fito, kisha udongo ulioshindiliwa. Chini tu ya paa, kila upande, waliacha safu ya vitundu ambamo ngumi yako inapita. Upepo wetu huu wa Dodoma unaujua. Ulikuwa ukipita kwenye vitundu vile unapiga mluzi, mwembamba, usiku kucha. Mimi nililelewa na mluzi ule. Nilidhani nyumba zote za duniani hulia.

Lakini nyumba ilikuwa imechoka. Mchwa walikuwa wamekula boriti mbili, na masika udongo ulikuwa ukidondoka kwenye juzuu za watoto. Ikaundwa kamati, mwenyekiti Mzee Shabani, na mimi katibu, kwa kuwa nilijua kuandika na nilikuwa na mdomo. Watu walichanga, hata wasiokuwa nacho. Sijapata kuona watu wakifurahia kazi kama ile. Tulibomoa paa la udongo tukaezeka bati. Tukapiga lipu ya saruji nje na ndani. Tukatia vioo madirishani, na mlango mpya wa mninga uliobana vizuri. Mimi nilikuwa pale kila siku na kanga yangu kiunoni, naelekeza watu wazima kana kwamba nimesomea.

Siku ya lipu ya juu, Fundi Omari alikuwa kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mama Mwamvua, na hivi vitundu?"

"Vya nini?"

"Sijui. Naona popo wanaingilia humu. Na vumbi."

"Ziba."

"Vyote?"

"Vyote, Omari. Unataka tupige lipu nzuri namna hii halafu tuiachie matundu kama nguo ya chawa?"

Akacheka, nikacheka, akaziba. Nakumbuka nilikuwa naimba. Katika maisha yangu nimefanya makosa mengi kwa hasira, na mengi ya hayo niliomba radhi yakaisha. Lile baya kuliko yote nililifanya nikiimba.

Usije ukadhani kuna mtu aliyetuonya. Wewe ulikuwa mdogo, labda umeambiwa kwamba Bibi yako alikataa. Hakukataa. Bi Tatu mama yangu alikuwa mwangalizi wa nyumba ile tangu babu yako alipofariki nikiwa mdogo, chumba chake kilikuwa kile cha mwanzo mkono wa kushoto, na lipu ilipokauka aliipapasa kwa kiganja kutoka mlangoni mpaka pembeni. Akatia ugoro wake puani, akapiga chafya, akasema, "Haya, na sisi sasa tumekuwa mji." Aliwaita majirani waje waguse. Nilijisikia nimemjengea mama yangu kasri.

Mambo yalianza polepole. Mchana watoto wa madrasa wakawa wanatoka na kanzu zimeloa, maalimu akahamishia darasa chini ya kivuli cha ukuta wa nje. Tukasema ni jua la mwaka huu. Usiku bati likishapoa lilikuwa likilia, ta, ta, kama mtu anatembea juu na viatu. Tukasema ni mabati mapya, yatazoea. Bibi akaanza kulalamika kwamba baridi ya nyumba ile inamshukia kutoka juu. Nikamwongezea blanketi. Siku moja aliniambia kitu kingine, akiwa anachambua choroko, wala hakunitazama: "Usingizi wangu umekuwa mwepesi. Kimya kile kinaniamsha." Nikamwambia, mama nawe, umelalamikia upepo miaka yote, sasa upepo umenyamaza unalalamikia kimya. Akacheka. Yale yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu vitundu.

Sasa nakuja kwenye jiko, na naomba usiache kusoma.

Unajua desturi ya nyumba ile, kwa sababu uliirithi. Mgeni wa Kwa Wageni alipewa moto kabla ya chakula. Julai kama hii, baada ya isha, makaa yakishaiva yakawa mekundu bila moshi, jiko liliingizwa chumbani kwa aliyelala, na aliyelibeba alikuwa mtoto wa kike wa nyumba. Ilikuwa heshima. Mtoto hakupewa jiko mpaka awe na akili ya kutokimbia nalo. Wewe ulikabidhiwa mwaka ule ule wa lipu, ukatembea na kitambaa chako mkononi na kidevu juu kama bibi harusi, na watoto wa shangazi yako wakakuonea wivu mpaka wakagoma kula.

Jioni ile Bibi hakuwa na mgeni. Mgeni alikuwa yeye mwenyewe na baridi yake. Alikuita, "Mjukuu wangu, niletee jiko." Ukalipeleka. Ulitaka kulala naye, kama ulivyokuwa ukifanya siku za Ijumaa, lakini mimi nilisimama uani nikakuita nikusuke nywele kwa ajili ya shule. Ulianza kulia. Nilimsikia Bibi kwa masikio yangu akikwambia, "Nenda, mjukuu wangu. Nywele za shule hazingoji." Ukatoka, na ukaufunga mlango vizuri nyuma yako, kama tulivyokufundisha, baridi isiingie.

Nimeyarudia maneno yale ya nywele mara nyingi kuliko sala zangu. Nisingekuita, ningekuwa nimekuzika wewe pamoja naye. Nimelia kwa kumpoteza mama na nikamshukuru Mungu kwa wakati mmoja, kwenye sijida moja, na mpaka leo sijui kama mtu anaruhusiwa kufanya hivyo.

Asubuhi nilikwenda na uji. Nilibisha hodi, sikuitikiwa. Nilipousukuma mlango hewa ya ndani ilikuwa nzito na ya vuguvugu. Bibi alikuwa amelala ubavu, tasbihi imemzunguka kidoleni, uso wake una rangi kuliko siku zote, kama aliyetoka kuoga. Jiko lilikuwa majivu matupu. Nilimgusa, nikajua. Nikanyanyua macho juu, sijui kwa nini, pengine nilitaka kumtazama Mungu. Macho yangu yakafika pale vilipokuwa vitundu, nikaona lipu yangu, laini, haina hata ufa.

Sikujua kama uko nyuma yangu. Ulikuwa umenifuata na sare ya shule, nywele zimesukwa. Ukasema, "Mama, mimi ndiye niliyeleta jiko."

Nami nikakwambia, "Ondoka hapa."

Basi. Hayo ndiyo yote niliyokujibu. Shangazi yako akaja akakuchukua, kwa sababu kwetu mtoto hakaribishwi penye maiti, na alipokurudisha ilikuwa baada ya hitma, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mwingine.

Nataka ujue kwa nini nilisema vile. Sikuwa nakufukuza wewe. Nilikuwa nimetoka kuyaona makosa yangu ukutani, na sikutaka mwanangu aone uso niliokuwa nao. Lakini wewe hukuwa ndani ya kichwa changu. Ulikuwa mlangoni, umetoa maneno mazito kuliko umri wako, na mama yako akakwambia uondoke.

Daktari alisema hewa ya makaa haina harufu wala moshi, humlaza mtu taratibu tu, na kwamba chumba kile hakikuwa na pa kutolea pumzi. Siku ya hitma nilisimama nyuma ya pazia la wanawake nikasema kwa sauti, wazee wasikie, kwamba ni mimi niliyeamuru vitundu vizibwe. Mzee Shabani akajibu kutoka upande wa pili, "Kazi ya Mungu haina makosa, Mama Mwamvua. Tumuombee marehemu." Wakaitikia amin. Walinisamehe upesi mno, kama watu wanaosikia harufu ya pilau. Kwa hiyo mimi nilisema, Mwamvua. Nilisema mbele ya mji mzima. Mtu mmoja tu sikumwambia, na ndiye aliyekuwa akihitaji kusikia. Nilijidanganya kwamba mtoto husahau.

Hukusahau. Ulikuwa hushiki jiko tena, nikasema umekuwa mvivu. Ulikuwa ukilala dirisha wazi na baridi yote hii, nikakugombeza. Na kuna jambo ambalo hujui kwamba nalijua. Usiku mmoja nilikuwa nimelala, au nimefumba macho tu, nikasikia hatua zako, kisha nikasikia kidole chako kidogo, baridi, chini ya pua yangu. Ulikuwa unapima kama napumua. Ukaenda kwa baba yako ukampima naye. Ukarudi kulala. Hiyo haikuwa mara moja. Nami kila mara nilijifanya nimelala, nikawa napumua kwa nguvu ili usikie vizuri. Ningeweza kukushika mkono ule. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nikapumua tu.

Nami nilikuwa na wazimu wangu. Nilikuwa nikipita nyumba za watu jioni nikinusa, nikiwaambia watoe majiko nje, nikipanda juu ya viti vya wenyewe kupapasa kuta. Wakanipa jina la Mama Moshi. Uliwahi kupigana shuleni kwa ajili ya jina lile, ukaja na mdomo umevimba ukaniambia umeanguka.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Masika ya pili lipu ilianza kuvimba. Maji yalikuwa yameingia nyuma yake yakakosa pa kutokea, kwa sababu ukuta wa udongo unataka kupumua nasi tulikuwa tumeuvika koti la saruji. Tulipoibandua, udongo wa ndani ulikuwa laini kama ugali mbichi. Nilishika nyundo mwenyewe. Kila kipande kilichoanguka nilikuwa nataka kukipiga tena.

Tukaanza upya, taratibu safari hii, kidogo kidogo kila kiangazi, kwa sababu watu hawachangi mara mbili kwa furaha ile ile. Udongo na mchanga, na chokaa juu. Bati tuliliacha, maana linafukuza mvua na mchwa, lakini chini yake tukaweka dari la fito na matete, tukalishindilia udongo, ili jua la mchana lisishuke na joto la usiku lisipande. Na vitundu. Wewe ulikuwa umeshakuwa msichana, ukikanyaga udongo nje kwa miguu, umepakaa mpaka magotini. Hukuwahi kuvuka kizingiti. Ulikuwa ukipokelewa ndoo mlangoni. Siku ya kufungua vitundu ulimwambia Fundi Omari kwa sauti ya kuogopa, "Shikamoo fundi. Huku unakotokea upepo, tuviweke chini kidogo. Kule unakokwenda, viwe juu. Hewa chafu itapanda itoke." Omari akanitazama, mimi nikatazama ndoo. Ulikuwa umekaa nje ya nyumba ile miaka yote ukiifikiria kutoka ndani.

Jioni ile ile upepo ukaanza kupiga mluzi tena. Niliposikia nilikaa chini pale pale barabarani, nikasingizia magoti.

Na sasa watu wanauogopa. Wanasema Bi Tatu anaita. Maalimu anawatoa watoto kabla jua halijazama. Wageni wanaoshuka kwenye basi wanaambiwa na vijana wa stendi, "Kule msilale, kuna mtu," wanakwenda kulala vibarazani kwa watu wengine. Nyumba ina ubaridi wa mtungi mchana na joto la mwili usiku, na hakuna anayeijua raha yake ila mijusi. Hata wewe ulihamisha kitanda chako ukakipeleka chumba cha nyuma usiusikie mluzi. Nilikusaidia kukibeba. Hatukuambiana ni kwa nini.

Nami nausikia. Wakati mwingine nasikia jina langu la utotoni, nanyanyuka kitandani kuitika, kisha nakumbuka. Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa sana. Lakini kinachonitisha mimi si mluzi. Kinachonitisha ni usiku usiokuwa na upepo, ukakaa kimya, nikawa sijui kama vitundu viko wazi.

Ijumaa iliyopita Mzee Shabani alinisimamisha baada ya sala. Kuna mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa anaitaka nyumba iwe ghala lake. Yuko tayari kuichukua kama ilivyo, ila ataziba matundu kwa sababu ya panya. "Nyumba isiyolala mtu ni ghala tayari, Mama Mwamvua," akasema. "Tuletee mlalaji, au tumpe mwenye mahindi."

Nikamwambia, "Mlalaji yupo."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Akanitazama mpaka akavua kofia akajikuna. Tangu Ijumaa sijalala kule hata siku moja. Kila jioni napata sababu. Jana sababu ilikuwa maandazi yako ya safari, na wewe mwenyewe umeona yalivyoungua.

Mwanangu, mwaka jana ulipotuambia kwamba umechagua ujenzi, baba yako alitangaza mtaa mzima. Mimi niliingia jikoni nikafunga mlango. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa. Niliogopa kwamba unakwenda kulipa. Kwamba utajenga nyumba kumi, ishirini, zote na vitundu, kila moja ukiipima chini ya pua kwa kidole, na hakuna hata moja itakayotosha, kwa sababu unamlipa mtu ambaye hakudai. Kama ndivyo, nakuomba ubaki hapa uuze vitumbua. Lakini nimekuona ukipapasa kuta za watu kwa kiganja wakati unadhani hakuna anayekutazama, na uso wako wakati ule si uso wa mdaiwa. Ni uso wa Bibi yako siku ya lipu. Kama unakwenda na uso huo, nenda.

Sasa nakujibu.

Ulisema, "Mama, mimi ndiye niliyeleta jiko."

Ndiyo, mwanangu. Wewe ndiye. Na kabla yako nililileta mimi, nikiwa na umri wako wa wakati ule, chumba kile kile, makaa yale yale, mama yangu akiwa amelala pale pale. Nililileta Julai moja baada ya nyingine. Na mlango niliufunga, kama wewe. Na kila asubuhi aliamka akaniomba uji. Hujafanya kitu hata kimoja ambacho mimi sikukifanya. Tofauti ilikuwa juu ya vichwa vyetu, ukutani, na aliyeiweka ni mimi. Ulimpelekea Bibi yako heshima yake, akaipokea, na maneno yake ya mwisho duniani yalikuwa kukuita mjukuu wangu. Hilo ni lako. Lile la vitundu ni langu, nirudishie. Umelibeba muda mrefu na halikuwa mzigo wa mtoto.

Kama utakasirika, kasirika. Unayo haki, na hasira yako haitaniua. Nimechelewa, najua. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nilimwacha mlangoni na sare ya shule.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako ili usiweze kuondoka bila kuigusa. Wewe utakapokuwa unaisoma, mimi sitakuwa chumbani kwangu. Usimwamshe baba yako kwa fujo, anajua. Ataliweka sanduku kwenye mkokoteni na kukupeleka stendi.

Nakwenda kulala Kwa Wageni, chumba cha mwanzo mkono wa kushoto. Nimechukua mkeka, blanketi moja na kandili. Jiko nimeliacha uani, limepinduliwa, unaweza kwenda kulitazama. Sitalihitaji. Nataka nione kama nyumba tuliyoitengeneza, wewe ukiwa nje na mimi ndani, inaweza kumtunza mtu mpaka asubuhi kwa joto lake yenyewe.

Basi lenu hupita mbele ya nyumba ile kabla ya kushika barabara ya Dodoma, na bado kutakuwa giza. Kaa upande wa kulia. Tazama juu, chini kidogo ya bati. Ukiuona mwanga wa kandili yangu unatoka kwenye vitundu, jua kwamba viko wazi vyote, na kwamba mama yako ameamka na anapumua, huna haja ya kuja kumpima.

Na kama utapenda kushuka hapo kwanza kabla ya safari, dereva ni mtoto wa jirani, atakungojea. Mlango sitaufunga.

Mama yako